Guy Lafleur katutoka: hivi nini hasa kilimmaliza barafuni akiwa bado kijana?

#1 Mzawa_wa_Tanga
Wakuu salaam. Mlioko Quebec mmeshapata habari, Guy Lafleur amefariki jana tarehe 22 Aprili 2022, miaka 70, saratani ya mapafu. Wiki moja kamili baada ya Mike Bossy, nyota mwingine wa enzi zake, naye mapafu hayohayo, naye mtoto wa hukuhuku. Leo kazini kwetu hakijafanyika kitu, wazee wanapeana mikono kama wamefiwa na kaka.

Kwa wasiomjua: mpira wa magongo wa barafuni (hoki), Montreal Canadiens ya Kanada, jezi namba 10, makombe matano ya Stanley (ndo ubingwa wa ligi yao, NHL), pointi 1,246 (magoli jumlisha pasi za magoli) akiwa na klabu na mpaka leo hajapitwa. Sasa mimi ninalo langu na nipo tayari kubishiwa. Watu wanasema sigara imemuua mwaka huu. Mimi nasema uwanjani ilishammaliza toka 1981. Angalieni wenyewe, misimu sita mfululizo, 1974-75 mpaka 1979-80, hashuki chini ya magoli 50. Msimu unaofuata 27. Unaofuata 27. Unaofuata tena 27!! Kaanza kushuka ana miaka 29. Jamaa alikuwa anawasha hata wakati wa mapumziko, anarudi barafuni na moshi puani. Mapafu gani yatakubali? Karibuni.

#2 msela_wa_kkoo
Magongo ninayoyajua mimi ni yale ya kwenye nyasi. Nakaa hapa nyuma nasubiri wajuzi.

#3 KiboOntario
Apumzike kwa amani. Nasema hivyo nikiwa shabiki wa Toronto Maple Leafs, kwahiyo jueni limenitoka kwa shida.

#4 Mama_Zuhura_Gatineau
Poleni wote. Mzawa hesabu yako umeikata nusu mwanangu. Hizo 27 za kwanza kazifunga katika gemu 51 tu, alikuwa majeruhi kila kukicha msimu ule, na jumla ana pointi 70. Za pili gemu 66, pointi 84. Mtu anapata zaidi ya pointi moja kila akishuka uwanjani ndo unasema kaisha? Tatizo alituzoesha vibaya. Mtu kakupa pointi 136 kwa msimu, 132, 129, sasa akikuletea 84 unaona umelala njaa.

#5 Chausiku78
Sigara walivuta wengi tu miaka ile mpaka makocha, mbona wenzake hawakushuka hivyo. Mimi nakwambia ni ajali. Machi 1981 alisinzia kwenye usukani usiku akaingia kwenye uzio wa barabara, kipande cha chuma kikapenya kioo cha mbele kikamkata sikio, kingekuja sentimita chache ndani huu uzi tungekuwa tunauandika miaka 41 iliyopita (kama intaneti ingekuwepo 😅). Mtu akitoka kwenye kitu kama kile harudi yuleyule. Mimi niligongwa na bodaboda tu Mbagala, mpaka leo nikisikia honi nyuma yangu naruka mtaro.

#6 Baba_Neema_MTL
Bandugu jambo yenu. Miye niko natembeza taksi hapa Montréal. Wakati nilifika sikujua hoki hata kidogo, niliona batu banagombana na fimbo juu ya barafu, nikasema bale bazungu beko na shida gani. Lakini kila muzee akipanda ku taksi, hata kama tunaongea juu ya mvua, mwisho inafika kwa Lafleur. Huyu alimukuta ku station ya mafuta, ule alimupa mukono ku restaurant, ule mwingine baba yake alimulipia kahawa. Njo vile. Haikuwa mutu ya mbali. Jana usiku nilibeba mama moja analia kabisa, nikazani amefiwa na bwana yake.

#7 msela_wa_kkoo
Baba Neema huyo mama alilipa lakini?

#8 Baba_Neema_MTL
Alilipa na akaacha kitu juu yake. Batu ya Lafleur beko na heshima.

#9 Mwalimu_Kassim
Nimesoma sigara, nimesoma ajali, hakuna aliyegusa timu. Hoki sio ngumi za mtu mmoja. Lafleur wa ile misimu sita alikuwa anacheza na Steve Shutt kushoto na Jacques Lemaire katikati (wengine walipita hapo katikati lakini Lemaire ndo alikuwa mwenyewe), nyuma yake Larry Robinson, Serge Savard na Guy Lapointe, golini Ken Dryden, benchi kocha Scotty Bowman. Msimu wa 1976-77 timu ile ilipoteza gemu 8 tu kati ya 80, NANE. Shutt peke yake alifunga 60. Sasa ikafika 1979, Dryden kastaafu, Lemaire kaondoka, Yvan Cournoyer kastaafu, Bowman kafukuzwa, yote mwaka mmoja. Wewe ungetegemea nini? Bado msimu ule uliofuata alifunga 50, alikuwa anaendeshwa na mazoea tu. Halafu wakaja makocha wanaotaka kila mtu akabe, mtu wa kuachiwa nafasi akimbie unamwambia arudi nyuma alinde. Hapo ndo alipozimwa, wala msitafute paketi ya sigara.

#10 Nahodha_wa_Lamu
Bowman hakufukuzwa mwalimu. Alikitaka cheo cha umeneja mkuu pale Sam Pollock alipong'atuka 1978, akapewa Irving Grundman, mwaka uliofuata akajiondokea zake Buffalo. Yaliyobaki nakubaliana nawe.

#11 Mwalimu_Kassim
Kufukuzwa kuna aina nyingi Nahodha. Ukinyimwa cheo ulichostahili huo nao ni mlango umeonyeshwa. Tuendelee.

#12 Mama_Zuhura_Gatineau
Na wewe Chausiku #5, ajali ilikuwa Machi, ligi inakwisha mwanzoni mwa Aprili. Magoli ya msimu ule alishayakosa toka Oktoba. Huwezi kumlaumu mgeni aliyefika sufuria ishaungua.

#13 Chausiku78
Mama Zuhura mimi nasema kwanini HAKURUDI, sisemi kwanini alianza kushuka. Wiki chache baada ya ajali wakakutana na Edmonton Oilers ya Wayne Gretzky akiwa bado kinda, wakatolewa kwa gemu 3-0. Vijana walewale nao! Toka hapo tena hakufika hata magoli 31 kwa msimu. Kama sio ajali, kitu gani kilimzuia kurudi?

#14 Mzawa_wa_Tanga
Mapafu dada. Nimeshasema.

#15 msela_wa_kkoo
😂😂 huyu na mapafu yake

#16 Kipusa_South_C
Sasa nyinyi wote, mimi niko Nairobi nimeangalia klipu usiku mzima na swali langu ni moja. Huyu msee ana nywele za dhahabu zinapepea tu, hana helmeti, wenzake kadhaa wako nayo. Ama hizo siku ilikuwa hiari?

#17 Nahodha_wa_Lamu
Ilikuwa hiari mpaka 1979, hapo ligi ikaamua yeyote atakayesaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa kuanzia Juni mwaka huo avae, wale wa zamani waliachiwa wachague. Wa mwisho kucheza kichwa wazi ni Craig MacTavish, kaenda nayo mpaka 1997.

Na hapo Kipusa umegusa kidonda kingine maana Lafleur alianza NA helmeti. Misimu mitatu ya kwanza alifunga 29, 28, 21, huku Montreal wakaanza kusema huyu ndo tuliambiwa Jean Béliveau mpya, yule nyota wao wa zamani? Kambi ya mazoezi ya 1974 akaivua. Msimu huohuo magoli 53. Wazee wa huku ukiwauliza watakuapia kabisa kwamba ni ile helmeti.

#18 Mwalimu_Kassim
Ushirikina huo. Alikuwa na miaka 23, kakomaa, na Bowman alishamjua pa kumweka. Helmeti imekuwa hirizi?

#19 Kipusa_South_C
Lakini mwalimu, ukitoa kitu kwa kichwa si unasikia upepo na unakimbia ukijiona? Mimi nikisuka mpya naendesha gari tofauti kabisa.

#20 mkeka_wa_pwani
Hamjaanza mwanzo wa stori nyie. Huyu mtu kwanza alipatikanaje? 1970-71 kafunga magoli 130 akiwa na vijana wa Quebec Remparts, mji mzima wa Quebec umepagawa, kila timu inamtaka. Sasa kwenye drafti (pale timu zinapogawana vijana wapya) ligi iliwapa waliomaliza mkiani wachague kwanza, na Canadiens walikuwa juu huko, sio wa mkiani. Sam Pollock akanunua chaguo la kwanza kutoka Los Angeles Kings mapema kabla hawajajua watashika mkia. Halafu akawasaidia adui wao washinde ili Kings wabaki chini. Ubepari wa hali ya juu.

#21 Nahodha_wa_Lamu
Mkeka umeigeuza juu chini kaka. Chaguo lilikuwa la California Golden Seals, wale wa Oakland, Pollock alilichukua toka Mei 1970. Msimu ukiwa njiani Kings nao wakawa hoi kuliko Seals, ikaonekana Seals watapona mkia na chaguo halitakuwa la kwanza tena. Januari 1971 Pollock akawapelekea Kings kiungo mzuri tu, Ralph Backstrom. Kings wakapanda, Seals wakabaki mkiani, Lafleur akaja Montreal.

#22 Mama_Zuhura_Gatineau
Hiyo ya Backstrom ndo hadithi inayopendwa lakini Backstrom mwenyewe alikuwa ameshasema anataka kuondoka Montreal aende upande wa magharibi. Pollock angemwachia tu. Kwamba alipiga hesabu zote hizo, mimi naona watu wanampa akili hata za bahati.

#23 mkeka_wa_pwani
Pollock yule? Yule asingekupa hata salamu bila kupiga hesabu. Halafu Nahodha mimi nilikuwa nawapima tu kama mko macho.

#24 KiboOntario
Angalau nyie mna mtu wa kumlilia. Sisi kombe la mwisho 1967, hata babu zetu walishaacha kusimulia.

#25 Mzawa_wa_Tanga
Kibo usijidharau, sisi wenyewe mwaka jana tuko fainali mwaka huu tunashika mkia wa ligi nzima. Mzee kaondoka kwa aibu.

#26 Baba_Neema_MTL
Bandugu nani aliona mechi ya jana ya 24, Canadiens na Boston? Mbele ya mechi bakazima taa, bakatia video ya Lafleur, kisha batu bakasimama. Bakapiga mikono. Nikasema sasa batanyamaza. Hapana. "Guy! Guy! Guy!" karibu dakika kumi, bachezaji ya Boston nabo banasimama tu banapiga fimbo ku barafu. Mutoto wangu iko na miaka tisa, ananiuliza papa huyu aliacha kucheza lini, namwambia 1991, anasema lakini mbona banamwita kama atatoka.

#27 Chausiku78
Dah 😭 Niliiona. Na kwa wanaosoma tu, linatamkwa Gii sio Gai, kuna mtu kaniandikia faragha "RIP kaka Gai" nimecheka msibani.

#28 msela_wa_kkoo
Kwa sisi wa Dar naomba kipimo. Ni kama Kanumba 2012 au zaidi? Pale Leaders mimi nilikuwepo, watu walizimia.

#29 Mwalimu_Kassim
Kanumba alikatwa katikati, kijana wa miaka 28, watu walililia na yale ambayo angefanya. Huyu kamaliza kazi miaka 31 iliyopita. Ndo maana mimi naona swali la Mzawa sio swali. Swali ni kwanini bado wanamlilia hivi mtu ambaye nusu ya waliosimama jana hawakumuona akicheza.

#30 Mama_Zuhura_Gatineau
Hapo mwalimu ukitaka jibu usiangalie hoki tu. Miaka yake ya moto ni miaka gani? 1976 mpaka 79. Novemba 1976 chama cha René Lévesque kinachotaka Quebec ijitenge kinashika serikali, Mei 1980 wanapiga kura ya maoni. Nyumba zinagawanyika, baba huku mama kule. Jumamosi jioni wote wanakaa kumwangalia huyu mtoto wa Thurso, baba yake fundi wa kuchomelea vyuma kwenye kiwanda cha karatasi. Mimi nimefanya kazi ya kutunza wazee upande huu wa mto, Wafaransa na Waingereza chumba kimoja, hawaelewani hata kwenye chumvi, ila kwa Lafleur wanaelewana.

#31 Nahodha_wa_Lamu
Au ni kwasababu alikuwa mtamu kumwangalia, basi. Tusimpe siasa kila mtu. Tafuteni gemu ya saba ya nusu fainali dhidi ya Boston, Mei 1979. Boston wanaongoza 4-3, zimebaki dakika mbili na ushee, wanaadhibiwa kwa kuweka wachezaji wengi barafuni, kosa la kitoto, kocha wao Don Cherry anasutwa nalo mpaka leo. Imebaki dakika moja na sekunde 14, Lemaire anamwachia Lafleur upande wa kulia, anapiga akiwa kwenye mwendo, kipa Gilles Gilbert anaanguka chali. 4-4. Yvon Lambert akamalizia dakika za nyongeza, kombe likaja la nne mfululizo. Goli lile mtu hahitaji Lévesque kulipenda.

#32 Mama_Zuhura_Gatineau
Sijasema walipenda kwa siasa Nahodha. Nimesema walikuwa na haja.

#33 Mzawa_wa_Tanga
Nirudi kwenye uzi wangu maana mmeuteka. Novemba 1984 anastaafu, gemu 19, magoli 2. Kocha nani? Jacques Lemaire. Meneja mkuu nani? Serge Savard. Yaani wenzake wa chumba kimoja cha kubadilishia nguo ndio wanamkalisha benchi. Hapo mwalimu Kassim nakupa nusu alama kwa mfumo wa kukaba. Nusu nyingine inabaki kwenye mapafu.

#34 Chausiku78
Kama ni mapafu mbona alirudi??? 1988 wanamuingiza kwenye jumba la mashujaa wa hoki, mwaka huohuo anasaini New York Rangers ana miaka 37. Kabla yake aliyewahi kurudi uwanjani akiwa tayari yumo humo ni Gordie Howe peke yake. Februari 1989 anarudi Montreal na jezi ya bluu, golini yuko Patrick Roy, anamfunga mawili, uwanja wa nyumbani unamshangilia adui. Rangers msimu ule alipata pointi 45 katika gemu 67. Mtu mwenye mapafu yaliyokufa 1981 hafanyi hivyo. Aliachishwa mapema, ndo ukweli. Miaka ile minne katikati ndo walimuibia.

#35 Mzawa_wa_Tanga
Chausiku hapo sina la kusema, ila nitalitafuta.

#36 mkeka_wa_pwani
Mbona hakuna anayemtaja Marcel Dionne, mtoto wa Drummondville, wa pili kwenye drafti ileile ya 1971. Magoli 731, pointi 1,771. Lafleur yeye kamaliza na 560 na 1,353. Nani mkali hapo?

#37 KiboOntario
Dionne makombe mangapi?

#38 mkeka_wa_pwani
Sifuri lakini hilo ni swali la kikatili, alikuwa Detroit mbovu na Los Angeles mbovu. Angekuwa na Dryden nyuma yake...

#39 Mwalimu_Kassim
Unaona sasa, mmerudi kwenye timu wenyewe bila kulazimishwa.

#40 Kipusa_South_C
Nimepata kitu kingine, aki nyinyi mlinificha. 1979 huyu mtu alitoa santuri ya DISKO. Anafundisha hoki, mambo ya kuteleza na kupiga mashuti, nyuma ngoma inagonga kabisa. Nimecheza jikoni. Huu ndio ushahidi wangu kuhusu kilichommaliza 😂

#41 msela_wa_kkoo
Hatimaye sababu ninayoielewa.

#42 Baba_Neema_MTL
Leo tarehe 3 Mai bamemuzika, ibada ilikuwa ku kanisa kubwa ya Marie-Reine-du-Monde. Siku mbili za mbele sanduku ilikuwa pale Centre Bell, uwanja ya Canadiens, batu banapita mustari murefu. Nilipitia, nilikuwa na uniform ya kazi. Premier ministre Trudeau alikuwa ku kanisa, na Legault, mukubwa wa serikali ya Québec, na bachezaji ya zamani. Ile sanamu yake inje ya Centre Bell, pamoja na ya bachezaji bengine ba zamani, Morenz, Richard na Béliveau, maua imefunika miguu yote.

#43 Mama_Zuhura_Gatineau
Asante Baba Neema. Na yule aliyesema sigara, nikumbushe tu kwamba Lafleur mwenyewe hakuficha. 2019 walimpasua moyo kwanza, mishipa minne, kwenye vipimo ndo wakaona pafu, wakakata sehemu, 2020 ikarudi. Akakubali jina lake litumike kuchangisha pesa za utafiti wa saratani pale hospitali ya CHUM. Mzawa hapo tu ndipo ninapokupa mapafu yako.

#44 Mzawa_wa_Tanga
Nimepokea kwa mikono miwili mama.

#45 Mama_Zuhura_Gatineau
Narudisha uzi juu, leo Juni. Serikali imesema barabara kuu namba 50, ile ninayopita mimi kila siku kwenda kazini, inaitwa Guy-Lafleur sasa. Inapita kwao Thurso palepale.

#46 Chausiku78
Mtu aliyesinzia kwenye usukani wanampa barabara kuu. Quebec nawapenda.

#47 KiboOntario
😂😂😂 Chausiku utapigwa.

#48 msela_wa_kkoo
Swali la mwisho kwa Kipusa. Huko Nairobi ulishasema unaangalia klipu usiku, hivi huo mchezo kwenu upo kweli au unaota?

#49 Kipusa_South_C
Upo! Panari, hapo Mombasa Road, kuna uwanja mdogo wa barafu ndani ya hoteli. Timu inaitwa Ice Lions. 2018 waliletwa Kanada na ile kampuni ya kahawa ya Tim Hortons wakacheza na nyota wa NHL, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, tafuta video, utalia. Mdogo wangu amejaribu mara moja akakumbatia ukuta saa nzima.

#50 Baba_Neema_MTL
Mutoto wangu sasa anataka kucheza, tangu ile dakika kumi. Anataka namba 10, namwambia ile bamefunga, ilipanda juu ya paa tangu 1985, anasema basi ku timu ya mtaa nani atajua. Banipe bei bandugu, viatu, fimbo, helmeti, vyote.

#51 Nahodha_wa_Lamu
Usinunue mpya mkuu, hasa viatu, mguu wa mtoto unahama namba kila msimu. Ulizia pale uwanjani kwenu mwisho wa Agosti, wazazi huwa wanauziana vya mtumba kabla msimu haujaanza. Kitu kimoja tu usichukue mtumba, helmeti.

#52 Kipusa_South_C
Akivua akafunga 53 mtuambie.